Chumba namba 4: miaka sita ya kusali Kiswahili kwenye kiwanja cha makanisa Uarabuni

Kila wiki napata meseji ya namna moja, dada nimepata kazi huko Emirates, Falme za Kiarabu, nakuja mwezi ujao, nitasali wapi, ibada ya Kiswahili ipo? Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja, mazuri na mabaya ya kusali kwenye kiwanja ambacho makanisa mengi yanatumia majengo yale yale kwa zamu. Mi nilianza kusali hapo mwishoni mwa 2018. Kabla hujaendelea ujue mambo mawili. Moja, nimekuwa mhazini wa kundi letu miaka mitatu na nimekaa kwenye kamati ya kiwanja mwaka mmoja, kwa hiyo naongea kama mtu wa ndani. Pili, jina la kiwanja, mji na dhehebu la kanisa mwenyeji, yaani lenye kiwanja, sitayataja, maana kuna ugomvi nitausimulia humu na wenyewe bado tunasalimiana kila Jumapili. Ukishafika huku muulize Mtanzania au Mkenya yeyote atakuelekeza. Nakipa nyota 4 kati ya 5, na ile moja niliyobana nitasema kwa nini.

Kwanza mjue kwa nini mambo yako hivi. Kwetu mtu akiitwa kuhubiri anaanza chini ya mwembe, baada ya miezi miwili turubai, mwaka wa pili mabati, wa tatu tofali, hakuna wa kumuuliza sana. Huku haiendi hivyo. Wasio Waislamu wanaruhusiwa kuabudu na wanaheshimiwa, na hili nalisema kwa sauti maana nyumbani watu wanatishana sana, ila ibada inafanyika sehemu zenye kibali tu, siyo sebuleni kwa mtu wala ukumbi wa hoteli uliojiamulia, na 2023 ikatoka sheria ya shirikisho kabisa ya kusimamia nyumba za ibada za wasio Waislamu. Alafu ardhi yenyewe ya makanisa ilitolewa na watawala. Pale Oud Metha, Dubai, Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum ndo aliwapa Wakatoliki eneo la St. Mary's, kanisa likafunguliwa 1967, na Holy Trinity ya Waanglikana iko hapo hapo jirani. Ukivuka mpaka ukaenda Oman, makanisa ya Ruwi pale Muscat yamekaa kwenye ardhi aliyoitoa Sultan Qaboos. Sasa piga hesabu, viwanja vyenyewe vinahesabika, na ndege zinashusha Wakristo kila siku toka Kerala, Manila, Lagos, Addis Ababa, Nairobi, Dar, Entebbe, wote wanatafuta pa kusali. Ndo maana Holy Trinity inajulikana kwa kubeba vikundi zaidi ya mia. Hakuna aliyekaa akapanga kwamba Watamil, watu wa kusini mwa India, na Waswahili watumie chumba kimoja, tulijikuta tumo humo, na baada ya hapo kila kitu kinategemea anayeshika ratiba ana moyo gani.

Kiwanja chetu ukikiona kwa nje utadhani ni shule, ukuta, geti, mlinzi, hamna msalaba unaoonekana barabarani. Ukiingia ndani kuna kanisa kubwa la mwenyeji, pembeni ghorofa mbili za vyumba vimepangana kwenye korido ndefu, na Jumapili saa tatu asubuhi ukisimama katikati ya ile korido unasikia Kitagalog kulia, Kiurdu kushoto, mbele Waethiopia wanaimba kwa ile sauti yao ya kutetemesha, na harufu ya kahawa yao inakuja mpaka ngazini. Mara ya kwanza nililia, sina aibu kusema. Nilikuwa na wiki ya tatu huku, sijasikia mtu akiniita jina langu vizuri tangu nishuke uwanja wa ndege, nikasikia mlango wa mwisho kule mtu anasema "Bwana asifiwe sana" kwa lafudhi ya Kimbeya kabisa.

Chumba namba 4 chenyewe ni cha watu themanini tukijibana mia, zulia la bluu, AC mbili ambazo moja inapiga kelele, spika mbili ukutani na maiki, projekta ipo. Kibodi na ngoma unaleta mwenyewe na unaondoka nazo, stoo hamna. Tunachangia dirhamu 350 kwa kila ibada ya masaa mawili na hiyo inatoka kwenye sadaka, kuna miezi tulikwama na hatukufukuzwa, tuliambiwa mtalipa mkipata. Kwa bei za huku hiyo ni huruma tupu.

Sisi wenyewe Waswahili ni mchanganyiko kuliko mnavyofikiri. Kuna Walutheri wa KKKT, Moraviani, Waanglikana, AIC, Wapentekoste wa TAG na PEFA, kuna Wakongo wa kule Bukavu wa 8ème CEPAC, nao ni Wapentekoste, kuna Warundi na Waganda wachache. Mlutheri anataka litrujia, mkae msimame kwa utaratibu, Mpentekoste anataka maombi ya kupaza sauti wote kwa pamoja, Mkongo anataka kwaya iimbe nyimbo nne kabla ya neno, na chumba ni masaa mawili tu. Tulikubaliana Jumapili ya kwanza ya mwezi litrujia, zinazobaki huru, na Wakongo wanafungua. Wengi wetu ni wadada wa kazi za ndani, walinzi, madereva, wa hotelini na wa usafi. Sheria ya wafanyakazi wa ndani ya 2022 inampa dada siku moja ya mapumziko yenye malipo kila wiki, lakini haisemi lazima iwe Jumapili, na madamu wengine wanatoa ofu Jumanne, kwa hiyo tuna watu wazuri kabisa tunaowaona mara mbili kwa mwaka. Kwao ibada ni simu imewekwa kwenye kabati la jikoni huku anakunja nguo. Kwa watoto usitegemee kitu, kipato cha wengi hakiruhusu kuleta familia, Sunday skuli yetu ina watoto sita na wote tunawajua majina mpaka ya babu zao.

Sasa nije kwenye ugomvi, maana hapo ndo utajua uongozi wa kiwanja ukoje.

Mpaka mwisho wa 2021 siku kubwa ya ibada huku ilikuwa Ijumaa, maana ndo siku ya mapumziko ya nchi. Tarehe 7 Desemba 2021 serikali ikatangaza kwamba kuanzia Januari mosi wikiendi inahamia Jumamosi na Jumapili, Ijumaa inabaki nusu siku. Hata mwezi haukufika. Kwa Wakristo ilikuwa furaha, Jumapili imerudi kuwa Jumapili, watu walitumiana meseji za haleluya usiku kucha. Ila kesho yake asubuhi kila kikundi kilitaka Jumapili kuanzia saa tatu mpaka saa sita, vikundi vyote, vyumba vile vile. Ofisi ikapanga ratiba haraka haraka, sisi tukasogezwa toka Ijumaa saa nne asubuhi tukawekwa Jumapili saa nane mchana mpaka saa kumi, mbele yetu wako Watamil, baada yetu wako watu wa kikundi kingine ambacho sitakitaja, na katikati dakika kumi na tano.

Dakika kumi na tano mtu asiyejua anaona nyingi. Watu tisini watoke, watu tisini waingie, kwenye mlango mmoja, kibodi inatoka na ngoma zinaingia, mtoto amelala, mama anatafuta kandambili, mzee bado anaombewa magonjwa na huwezi kumkata mtu maombi katikati. Sisi tulikuwa wakosaji wakubwa, niseme ukweli, mhubiri wetu akipata moto saa kumi inampita bila kuiona. Wale wa baada yetu wakaanza kuingia tukiwa bado tunaimba, wanabeba viti vya nyuma wanavipanga upande wao. Jumapili moja mwezi wa tatu 2022 kijana wetu akashika kiti, wa kwao akashika kile kile, wakavutana, kiti kikavunjika mguu, na maneno yakatoka mdomoni mwa watu waliokuwa wametoka kusema amina dakika moja nyuma. Mlinzi akaja. Jumatatu barua ikaja, wote wawili tumesimamishwa chumba mwezi mzima. Mwezi ule tulisalia kwenye pakingi saa kumi na moja jioni, kimya kimya bila spika, na watu wakapungua nusu.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Baadaye nikaja kujua hata Yerusalemu yapo, pale kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu madhehebu sita yanagawana jengo moja, na 2002 kule juu ya paa mtawa wa Kikopti alihamisha kiti chake akakiweka kivulini, nje ya sehemu waliyokubaliana na Waethiopia, vikaanza vita, watu 11 wakaishia hospitali. Kiti! Na funguo za mlango mkubwa wa kanisa lile zimekaa karne na karne mikononi mwa familia mbili za Kiislamu za pale mjini, wao ndo wanafungua na kufunga. Nilivyosoma hiyo habari nilielewa kwamba siyo sisi tu wa Mbeya na Kakamega tuliokosa adabu, tatizo la nani ashike funguo limewashinda watu wakubwa kabla yetu.

Mchungaji msimamizi wa kiwanja alikuwa mgeni, ana miezi mitano tu hapo. Mwenyewe mhamiaji kama sisi, mtu wa kusini mwa India, visa yake inaisha kama yangu. Alituita wote, viongozi wa vikundi vyote, siyo sisi wagomvi tu, na nilikwenda nikiwa nimeandaa utetezi wangu kurasa mbili. Hakuuliza nani alianza. Alifungua Matendo ya Mitume sura ya 6, ile ya wajane. Mnaijua, kanisa la kwanza kabisa, Mitume wenyewe wapo hai wanahubiri, na tayari kuna manung'uniko kwamba wajane wa wanaosema Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku, wa Waebrania wanapata. Akatuambia tusome majina ya wale saba waliochaguliwa kusimamia. Tukasoma, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao wa Antiokia. Akauliza majina haya ni ya lugha gani. Mzee mmoja wa Kiethiopia akajibu, ya Kiyunani yote. Yaani waliolalamika ndo waliopewa sufuria na mwiko. Mi nimesoma sura ile tangu kipaimara na sikuwahi kuliona hilo.

Alafu akafanya hivyo hivyo. Akavunja utaratibu wa ofisi kupanga vyumba, akaunda kamati ya watu saba toka vikundi vidogo, Kitamil, Kitagalog, Kiamhari, Kiurdu, Kisinhala, sisi Waswahili, na wale tuliovutana nao kiti. Kundi la Kiingereza ambalo ndo mwenye nyumba halikupata nafasi hata moja. Funguo za vyumba vyote na daftari la bukingi akaviweka mezani mbele yetu akasema vikae kwenu. Mimi nikawa mmoja wa saba, na aliyekaa kiti cha pembeni yangu alikuwa katibu wa wale wenzetu, mama wa makamo, mikutano miwili ya kwanza hatukutazamana usoni.

Hapa niweke neno. Wapo watu wa kundi la mwenyeji walioumia, na nawaelewa. Wao wanalipa umeme, wanalipa matengenezo ya AC, wao ndo majina yao yako kwenye kibali, alafu mchungaji wao anachukua funguo anawapa wapangaji bila kuwauliza kwanza. Familia mbili ziliondoka. Mchungaji angekaa nao jioni moja tu kabla ya kutangaza wasingeondoka, hilo nilimwambia na akakubali kwamba aliharakisha. Lakini uamuzi wenyewe bado naona ulikuwa sahihi, maana mpangaji anayepangiwa kila kitu anabaki kunung'unika kwa lugha yake, na mwenyeji hamuelewi mpaka kiti kivunjike.

Kamati ilikaa wiki tatu ikatoka na jambo moja ambalo ndo limeokoa kiwanja, na kama kuna kiongozi wa kanisa popote anasoma hapa mwenye vikundi viwili vitatu kwenye jengo moja, achukue hili bure. Kila kikundi kinachoingia kinatuma mtu mmoja akae kiti cha nyuma dakika kumi za mwisho za ibada ya kikundi kinachotoka. Haji kusimamia saa, hasogezi kiti, anakaa tu anasali nao. Na viti haviguswi, kila kikundi kinaacha viti kama vilivyo, anayeingia atapanga akitaka. Basi. Sheria ndefu ya kurasa kumi na mbili ilikuwepo kabla na hakuna aliyeisoma.

Kwetu zamu ya kukaa kwa Watamil niliichukua mimi miezi minne mfululizo, na hapo nije kwenye viatu. Watamil wanavua viatu kabla ya kuingia ibadani, wote, mzee kwa mtoto, vinapangwa nje ya mlango mistari mitatu. Wanapiga magoti chini kwenye zulia, wengine wanalala kifudifudi kabisa. Na sisi miaka yote tulikuwa tunaingia na viatu vyetu vya barabarani, na mara nyingi vijana wetu wa ngoma wanaingia mapema kabla hawajamaliza, buti za kazini zenye vumbi la saiti juu ya zulia ambalo mwenzako ameweka paji la uso. Hawakusema kitu. Miaka mitatu hawakusema. Jumapili yangu ya kwanza pale nyuma nimekaa na viatu vyangu, mama mmoja mzee, wanamwita Amma, yaani mama, alinitazama miguuni, akatabasamu, alafu akaenda kuchukua shali yake akaitandika chini ya miguu yangu. Nilitaka ardhi inimeze. Nilivua pale pale. Wiki iliyofuata nikasimama mbele ya kundi letu nikaeleza, na kaka zetu wa ngoma bila kusukumwa wakaanza kuingia peku. Sa hivi kundi zima tunavua, wageni wanadhani ni desturi ya Tanzania.

Nilijifunza kuitikia "sthothiram" ambayo ni kama haleluya yao, na wao wakashika "Bwana asifiwe", wanaitamka na "v" badala ya "b" na inapendeza mno.

Alafu 2023 tukafiwa. Dada yetu mmoja wa Singida, miaka 29, aliugua siku nne tu. Mwili ukiwa mochwari unasubiri karatasi, tukaomba kufanya ibada ya kumuaga pale namba 4 kwa picha, mshumaa na kitenge chake alichopenda. Ilikuwa Ijumaa, Watamil nao wana maombi yao ya Ijumaa baada yetu. Saa yetu ikaisha watu hata nusu hawajatoa rambirambi. Mimi niko karibu na mlango nahesabu dakika kwa mazoea ya kamati, naona Amma ameingia kukaa zile dakika kumi, ameona picha, ametoka. Nikajua ameenda kuwaambia wasubiri. Ilipita robo saa, nusu saa, korido kimya kabisa. Nikafungua mlango kuomba radhi. Walikuwa wamekaa chini kwenye korido, wote, kama sitini, wamegeukia mlango wetu, wanasali taratibu. Mzee wao akaniuliza kwa Kiingereza kama wanaweza kuingia. Waliingia peku, wakajipanga ukutani, wakaimba wimbo mmoja wa Kitamil ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeuelewa na hakuna aliyebaki na macho makavu. Walipotoka bahasha yao ilikuwa mezani. Wafilipino wakaleta yao jioni, na ile Jumapili wale wenzetu wa kiti kilichovunjika wakaleta yao, katibu wao akanishika mkono kwa muda mrefu bila neno. Mwili ulifika Singida siku ya kumi na moja, mama yake alinipigia simu kushukuru, akauliza Watamil ni watu wa mkoa gani.

Ndo maana nyota nne naziweka bila kusita.

Ile ya tano naibana kwa sababu hizi. Mikutano yote mikubwa ya viongozi ni Kiingereza, miniti Kiingereza, baruapepe Kiingereza. Tuna wazee wenye hekima kubwa, Mzee wetu mmoja Mkongo amechunga kanisa miaka ishirini kule Uvira na kambini Nyarugusu, amezika watu, amepatanisha koo, anaingia kwenye mkutano anakaa kimya masaa mawili kwa sababu Kiswahili chake na Kifaransa chake havina nafasi. Anayeongea ni kijana wa miaka 26 mwenye Kiingereza kizuri. Mkalimani mmoja mmoja kwa kila lugha asingegharimu kitu, watu wapo. Nimelisema mara tatu.

Pili ile siku ya Pentekoste ya pamoja. Kila mwaka vikundi vyote vinakusanyika kanisa kubwa, kila lugha inapewa dakika nne iimbe. Wanaingia wanaimba, wanapiga picha, wanatoka nje kunywa soda, wanaofuata wanaimbia viti vitupu. Mwaka jana kwaya yetu ilifanya mazoezi miezi miwili ikaimbia watu thelathini. Ningependa tuimbe nyimbo tatu tu wote, kila mtu kwa lugha yake, zile tenzi za zamani ambazo tuni yake inajulikana Madras mpaka Mwanza, tukae ndani mwanzo mpaka mwisho. Inawezekana, nyimbo zipo.

Na stoo. Tafadhali, kabati moja la kufuli kwa kila kikundi. Kijana wa kibodi anaibeba kwenye metro kila wiki, ameumia bega.

Kelele kati ya vyumba ipo na haitaisha, Wanaijeria walioko namba 5 wakianza sifa utasikia besi kwenye meno, ila tumezoea na wao wametuzoea.

Kwa anayekuja: ibada ya Kiswahili ni Jumapili saa nane mchana, na ya pili Ijumaa saa moja usiku kwa wenye zamu kazini. Nasisitiza saa nane mchana, maana kwenye ubao wa mlangoni imeandikwa 2:00, na kuna dada alisoma hivyo akaja saa mbili asubuhi kama tunavyoandika kwetu, akakuta Wakorea, wakamkaribisha, wakampa chai na kimchi, akasali nao yote akidhani na sisi tutafika tu. Chukua kadi ya nol, ile ya kulipia metro na basi, iweke hela ya kwenda na kurudi kabisa, usitegemee lifti. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti kwa sababu ya njiani. Njoo na kitambulisho, getini wakati mwingine wanauliza. Picha piga ndani tu, na usimpige mtu wa kikundi kingine bila kumuomba, kuna watu wametoka nchi ambazo kuonekana kanisani ni hatari kwa ndugu zao waliobaki. Na usije na vipeperushi vya kugawa nje, sheria ya hapa hairuhusu kabisa kuhubiria Waislamu na utawaponza wote wanaotumia kiwanja.

Kama hujala usijali, baada ya ibada tunakula kwenye korido ya nyuma, wali maharage mara nyingi, mwisho wa mwezi pilau. Funguo ya namba 4 mwezi huu iko kwa Watamil, kwa hiyo ukiwahi kabla ya saa nane gonga taratibu, mwambie Amma wewe ni wa Kiswahili, atakupa nafasi nyuma. Viatu acha mlangoni, mstari wa tatu ndo wetu.